Kila Jibu Lina Mwenyewe: Ukishaambiwa Una Kansa ya Kinywa

Mama yangu mkubwa alitoka chumba cha daktari akiwa na bahasha ya kaki mkononi na neno moja kichwani. Binti yake aliyemsindikiza alibeba neno lile lile. Walipofika nyumbani Nanyamba, mkoani Mtwara, jioni tukawauliza, wamesemaje? "Kansa." Ya wapi? "Ulimi." Imefika wapi? Kimya. Inatibika? Kimya. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili za Kiingereza na barua ya rufaa ya Dar es Salaam, basi.

Usiku ule ule mjomba akaitwa, maana kwetu jambo zito la dada haliamuliwi kaka yake hayupo. Watu wakajaa barazani, na kila mmoja akaja na jibu lake. Huyu akasema kansa ya mdomo haina dawa. Yule akasema kisu kikiigusa tu, inatambaa mwili mzima. Wa tatu alikuwa anamjua mganga ng'ambo ya Ruvuma. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mgonjwa. Palikuwa na pengo, wakalijaza kwa walichokuwa nacho.

Ilituchukua miezi kuelewa tulikosea wapi. Tulikuwa tunamsubiri daktari mmoja atuambie kila kitu, na daktari huyo hayupo popote. Katika ugonjwa huu majibu huja vipande vipande, na kila kipande kina mwenyewe: mmoja yuko maabara, mwingine chumba cha picha, mwingine meza ya upasuaji, mwingine ofisi ya ustawi wa jamii. Ukimuuliza mtu swali ambalo si lake, atakujibu nusunusu au atanyamaza, nawe utarudi nyumbani ukidhani umefichwa.

Ni kansa kweli, na ni ya aina gani?

Jibu hili halitoki kwa anayekutazama mdomoni kwa tochi, hata awe bingwa. Linatoka kwa mtaalamu wa patholojia, yule anayetazama kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye kidonda, kwa darubini. Ndiyo maana unakatwa kipande kidogo kwa ganzi, kinawekwa kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na unaambiwa usubiri. Kabla ya karatasi hiyo kurudi, daktari ana wasiwasi tu, na wasiwasi hauanzishiwi matibabu.

Kuhusu hofu ya kisu: kuchukua kinyama hakuisambazi kansa mwilini. Nadhani najua imani hii ilikotokea. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa, wanakatwa kinyama, na wiki chache baadaye hali inazidi. Mtu akitazama kwa mbali anaona kisu ndicho kilichotangulia. Kilichotangulia ni miezi ya kusubiri.

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa ni za aina moja, ile inayoanzia kwenye seli bapa za utando laini wa ndani ya mdomo. Kwenye karatasi utaiona kwa herufi SCC. Hiyo ndiyo inayohusishwa na sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna, tambuu na pombe. Tumbaku na pombe zikikutana kwa mtu mmoja hatari inapanda kuliko ukizihesabu moja moja, na hapo huwawaza wazee wetu wa msimu wa mabibo, uraka (pombe ya mabibo) mkono huu na sigara mkono ule. Lakini naomba jambo hili lisigeuzwe fimbo ya kumchapia mgonjwa. Wako wanaougua bila kuwahi kuvuta wala kunywa, na mama mkubwa ni mmoja wao.

Aina ni jambo kubwa kwa sababu tiba hufuata aina. Uvimbe unaoitwa ameloblastoma hukuza taya hadi uso ukapinda, na kwa kawaida si kansa, ingawa nao unahitaji upasuaji. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa la mtu anayeishi na VVU yanaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo matibabu yake hayaendi bila dawa za kufubaza virusi. Na mtoto ambaye taya limevimba ghafla na meno yanalegea, tafadhali asipelekwe kwa mng'oa meno. Anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, kansa ya chembe za kinga ya mwili, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda. Huo unakua kwa siku, si kwa miezi, na tiba yake ni dawa za mishipani zinazoweza kumponya kabisa akiwahishwa.

Kwa hiyo kinyama kikishachukuliwa, usiondoke bila kujua kimepelekwa maabara gani, kina namba gani, na nani wa kumpigia majibu yakichelewa. Kinyama cha mama mkubwa kilikaa wiki sita, na tulipofuatilia tukagundua majibu yalikuwa tayari siku nyingi. Hatukuwa na namba, nao hawakuwa na simu yetu.

Imefika wapi?

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo kabla ya wakati, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, daraja na hatua. Daraja husomwa kwenye darubini: seli zimepotoka kiasi gani zikilinganishwa na seli zenye afya. Zikifanana nazo bado, ni daraja la kwanza. Zikiwa zimeharibika hazitambuliki, ni la tatu. Hatua ni jambo jingine. Inaeleza ugonjwa umeenea kiasi gani, na karatasi ya kinyama peke yake haiwezi kuitaja. Inahitaji vidole vya daktari shingoni kutafuta mitoki, yaani tezi zilizovimba, kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili, tabaka kwa tabaka) cha uso na shingo, na picha ya kifua. Mtu akisoma "daraja la tatu" akawaambia ndugu "hatua ya tatu", msiba unaweza kuanza kupangwa kwa kosa la kusoma.

Hatua huandikwa kwa herufi tatu. T ni ukubwa wa uvimbe wenyewe na kina ulichochimba, N ni mitoki ya shingo, M ni kama ugonjwa umeruka kwenda mbali, kwa mfano kwenye mapafu. Uvimbe wa sentimita 2 au chini yake, usiochimba zaidi ya milimita 5, shingo ikiwa safi, ni hatua ya kwanza. Kansa ikishaingia kwenye mtoki mmoja mdogo wa upande ule ule, inakuwa ya tatu.

Sasa hatua ya nne. Mjomba alipolisikia neno hilo alitoka nje, akakaa chini ya mkorosho, hakutaka kuongea na mtu. Tulikuwa tunaamini hatua ya nne maana yake ni kwenda kulala nyumbani na kusubiri. Kwa kansa ya kinywa sivyo ilivyo. Hatua ya nne ina vyumba vyake ndani. Ugonjwa uliotoboa mfupa wa taya, au uliogusa mitoki ya pande zote mbili za shingo, tayari unaitwa hatua ya nne A, hata kama haujatoka nje ya eneo la kichwa na shingo. Madaktari wanaweza kuutibu huo kwa nia ya kuponya, kwa upasuaji mkubwa na mionzi baada yake. Hatua ya nne C ndiyo ile ya ugonjwa uliofika mbali. Basi ukiambiwa nne, uliza nne ipi. Na uliza swali jingine ambalo wengi tunaliogopa: matibabu haya yanalenga kuponya, au kupunguza makali na kumpa mgonjwa siku zenye nafuu? Daktari muungwana atakujibu. Yote mawili ni matibabu halali, lakini maandalizi ya familia hayafanani, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kujua anachopigania.

Nasema mgonjwa mwenyewe kwa sababu kwetu habari mbaya hupewa ndugu kwanza, na mara nyingine huishia kwao. Tulimficha mama mkubwa kwa wiki mbili. Alikuwa anajua. Alikuwa anatuficha kwamba anajua, ili asituumize. Wiki mbili hizo alizibeba peke yake tukiwa tumekaa naye mkeka mmoja, na sijazisahau.

Nini kitafanyika, wapi, na kwa mpangilio gani?

Kwa kansa nyingi za kinywa tiba ya kwanza ni upasuaji: kuondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima, isiyo na ugonjwa, kuuzunguka, na mara nyingi kusafisha mitoki ya shingo. Baadaye karatasi nyingine ya patholojia hurudi, na hiyo usiiache, maana inasema kama kingo zilitoka safi. Wataalamu hupenda kuona angalau milimita 5 za nyama nzima pande zote. Kingo zikiwa na ugonjwa, au mitoki ikiwa imeshikwa, mionzi hufuata, wakati mwingine pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa.

Huku kusini njia huanzia kwenye zahanati, ikapita Hospitali ya Ligula kwa watu wa Mtwara au ya Sokoine kwa watu wa Lindi. Wengine huanzia Ndanda au Nyangao kwa wamisionari, wengine Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Upasuaji mkubwa wa taya na uso kwa kawaida hutupeleka Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili, na mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, ufukweni karibu na Ikulu ya huko. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Safari hiyo ipangwe kama kuhama kwa muda, kwa sababu mionzi kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita hadi saba, mizunguko 30 hadi 35, na kila mzunguko unachukua dakika chache tu. Wengi hawalazwi. Swali la kulala ni zito kama swali la dawa. Sisi tulikuwa na ndugu Mbagala, kama wamakonde wengi tulivyo na ndugu Mbagala. Asiye na ndugu aseme mapema, ofisi ya ustawi wa jamii ijue kabla hajapanda basi.

Ratiba ya mionzi ina masharti mawili ambayo hakuna aliyetukazia vya kutosha. La kwanza, baada ya upasuaji mionzi inatakiwa ianze ndani ya wiki kama sita. Kurudi kijijini "kupumzika kwanza" hadi msimu upite ni kuipa kansa nafasi. La pili, ukishaanza usikatize. Siku zikirukwa, nguvu ya tiba inapungua, na kurudi baadaye kumalizia zilizobaki hakulipi kilichopotea.

Na kabla ya mionzi, meno. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupati damu kama zamani. Jino bovu liking'olewa baadaye, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa wenyewe ukaanza kufa. Kwa hiyo meno yasiyookoleka hung'olewa mapema, ufizi unapewa kama wiki mbili upone, ndipo mionzi inaanza. Baada ya hapo, hata ikipita miaka kumi, usikubali mtu akung'oe jino bila kumweleza kwamba taya lako lilipigwa mionzi.

Pesa nayo ina kalenda yake. Huku kwetu pesa huja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Mama mkubwa aligunduliwa Machi, ghala limebaki vumbi, malipo ya chama cha msingi cha wakulima yameshaisha kwenye ada za shule. Wengi husema, tusubiri tuuze. Nakusihi usisubiri. Nenda ustawi wa jamii, kila hospitali ya rufaa inayo ofisi hiyo, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako, uombe kufanyiwa tathmini ya msamaha wa malipo. Kama una bima, uliza kwa maneno haya haya: inalipia kipimo cha CT? Inalipia mionzi yote? Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliwekwa kwa huduma za kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, kwa hiyo ukivuka kwenda Dar usiitegemee kabla hujauliza. Jibu la pesa halimo kwa daktari. Tulimbana daktari kwa swali hilo mara tatu, akabaki kutuonea huruma tu, huku mwenye jibu akikaa mlango wa nne kwenye korido ile ile.

Nyumbani

Kansa ya kinywa inakaa mahali ambapo kila mtu anapaona, na ndipo mtu anapolia, anaposali na kuagana. Kidonda kinaweza kutoa harufu. Mate yanatiririka. Katika nyumba yetu ilianza na kikombe: mtu akakitenga, hakusema kitu. Kisha sahani. Kisha mama mkubwa akaacha kuja kwenye sinia, akawa anakula jikoni amegeuzia ukuta.

Kansa haiambukizi. Haipiti kwenye kikombe, kijiko, mswaki wala kumbusu mjukuu. Harufu inatokana na vijidudu vinavyokaa kwenye nyama iliyokufa, nayo ina dawa. Mwambie daktari, kuna vidonge anavyoweza kuandika vinavyoipunguza sana. Na kusukutua mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kunasaidia zaidi ya dawa za kusukutua za madukani zenye spiriti, zinazounguza mdomo ambao tayari una vidonda. Alichohitaji mama mkubwa kwetu kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani. Mjukuu wake wa miaka saba alikwenda jikoni na sahani yake, akakaa pembeni yake, wakala wote wawili wametazama ukuta. Kesho yake sinia lilihamia kule.

Chakula ni vita nyingine. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya mionzi mdomo unachubuka, mate yanakauka, ladha inapotea. Mgonjwa akikonda sana tiba inaweza kusimamishwa. Pilipili, ndimu na vyote vya kukwaruza viwekwe kando. Tuliokolewa na korosho zetu wenyewe: zikisagwa laini zikachanganywa kwenye uji, zinampa nguvu nyingi kwa vijiko vichache. Supu ya samaki iliyochujwa, mtori, parachichi, yai lililopondwa. Akishindwa hata hivyo vimajimaji, madaktari wanaweza kupendekeza mpira wa kulishia. Tulipousikia mara ya kwanza tulilia, tukidhani ndiyo dalili ya mwisho. Ulikuwa daraja la kumvusha wiki mbaya, ukatolewa.

Maumivu vilevile. Morfini ya maji imebeba sifa mbaya, watu husema ukipewa ujue safari imefika. Hutolewa kwa sababu mtu anaumia, basi. Mgonjwa anayeinywa kwa vipimo vya daktari kwa ajili ya maumivu hageuki teja. Inafunga choo, kwa hiyo iombewe na dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Maumivu ya sikio la upande mmoja, ganzi kwenye mdomo wa chini, kinywa kugoma kufunguka, yote hayo yasemwe, hata kama yanaonekana madogo, kwa sababu yana maana kwa daktari.

Kuhusu mganga sitamgombeza mtu. Mjomba alikwenda, akarudi na unga wa mizizi. Ninachoomba ni kwamba kidonda kisipakwe kitu kinachounguza, dawa yoyote ya kunywa itajwe kwa daktari, na miadi ya hospitali isisogezwe hata siku moja kwa ajili yake. Dua na maombi havijawahi kugombana na mionzi.

Na kama mgonjwa anavuta au anabugia ugoro, kuacha sasa bado kuna faida kubwa. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwa aliyeacha, vidonda hufunga upesi, na uwezekano wa kansa nyingine kuota kinywani unashuka. Anayesema "nimeshaugua, niache nini tena" hajaambiwa hili.

Daftari

Kilichotubadilisha ni daftari la shule la kurasa 40. Kabla ya kila miadi tuliandika maswali yasiyozidi manne, kwa Kiswahili, na jina la mwenye jibu pembeni: patholojia, mpasuaji, ustawi, muuguzi, daktari wa meno. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuandika tu. Mgonjwa ndiye aliyeuliza alipokuwa na sauti, na baada ya upasuaji, ulimi ukiwa mzito, alikuwa anagusa swali kwa kidole. Mwishoni tulisema: "Daktari, naomba nikurudishie ulivyosema, unisahihishe." Hata siku moja hatukurudisha bila kusahihishwa mahali fulani. Siku moja tulikuwa tumeelewa "mionzi thelathini" kuwa siku thelathini za mfululizo, tukakata tiketi ya kurudi mapema siku kama kumi.

Madaktari wana haraka, korido imejaa, na sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa kwa maswali. Mama mkubwa aliamkia "shikamoo" hata kwa daktari mwenye umri wa mwanawe, kwa heshima ya koti. Lakini aliyeshika daftari hakuonekana mkorofi. Kinyume chake, walianza kuvuta kiti.

Sasa amemaliza mionzi, na katika mwaka huu wa kwanza anaitwa kliniki kila baada ya mwezi hadi miezi mitatu, wamtazame mdomo na shingo, maana ugonjwa ukitaka kurudi hupenda miaka ya mwanzo. Safari iliyopita alikuwa na swali moja tu, kaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: LINI NITAKULA MING'OKO? Ming'oko ni mizizi ya porini tunayoichemsha na kuitafuna. Daktari alicheka, kisha akamwambia afungue kinywa, aingize vidole vyake vimesimama kimoja juu ya kingine katikati ya meno. Mtu mzima mwenye taya lisilokaza huingiza vitatu. Viliingia viwili. Akaonyeshwa tena mazoezi ya kufungua taya, mara kadhaa kwa siku, na tarehe ya kurudi ikaandikwa chini ya swali.